Hivyohivyo, Si Haba, Yalika: Namna ya Kusema Kitu ni cha Kadiri

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, pale Shika Adabu, kando ya barabara itokayo Likoni kwenda Ukunda, kuna mama ambaye huwa tayari ameshateleka karai la mahamri na sufuria ya mbaazi za nazi. Mimi ni mteja wake wa miaka. Siku moja nimekaa kwenye benchi lake nasubiri zamu yangu, akaja kijana wa bodaboda, naye ni wa kila siku kama mimi. Akapewa sahani, akatowea hamri la kwanza. Mama akamuuliza, "Mwanangu, mbaazi za leo waziona vipi?" Kijana, mdomo umejaa, akajibu, "Hivyo hivyo tu, mama."

Upawa ukasimama juu ya sufuria. Mama hakusema neno. Alijifuta mkono kwa ncha ya leso, akaonja mbaazi zake, akatia chumvi chembe, akaonja tena. Asubuhi ile yote hakumtupia jicho tena yule kijana. Nami nilipokula, nilizikuta mbaazi zimezidi chumvi kidogo, jambo ambalo sijapata kuliona kwake kabla wala baada ya siku hiyo. Tulipoondoka nilimwambia kijana kwamba amemuumiza mama wa watu. Akashangaa kwelikweli. "Mimi nimesema ni zilezile! Tamu kama siku zote!"

Kisa kile kimenikaa moyoni, kwa sababu wote wawili walikuwa na haki. Kijana alisema Kiswahili sahihi, na mama alisikia Kiswahili sahihi. Kilichowagonganisha ni neno moja lenye milango miwili. Basi mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yako wewe ambaye kila siku hulazimika kutoa hukumu ndogondogo juu ya kazi, chakula, afya au masomo ya mtu: mwalimu anayejaza ripoti, mfasiri, muuguzi, mteja wa fundi, mzazi mwenye daftari la mtoto mkononi. Kusema kitu ni kizuri ni rahisi. Kusema ni kibaya ni kugumu, lakini maneno yapo wazi. Kilichopo katikati ndicho kinachotaka ulimi uliolelewa.

Tulivyofundishwa shuleni

Wengi wetu tulikutana na jambo hili kupitia Kiingereza. Kuna neno lao, so-so, ambalo ni kielezi na pia ni kivumishi. Mtu akiulizwa anaimbaje, analalaje, biashara inakwendaje, hujibu so-so, maana yake si vizuri wala si vibaya. Mwalimu akatuandikia ubaoni kwamba hiyo ni "hivyohivyo", tukanakili, tukaendelea. Ulinganisho ule si wa uongo, ila umetuachia mzigo, kwa sababu watoto hukua wakiamini kwamba popote Mwingereza aliposema so-so, Mswahili ana neno moja la kulijibu.

Hata kwa wenyewe neno lile halikutulia. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo As You Like It, iliyoandikwa karibu na mwaka 1599, kijana wa shamba anaulizwa kama ni tajiri, anajibu kwa neno hilohilo, na mchekeshaji analigeuzageuza jibu lake mpaka msikilizaji hajui tena kama ni sifa au ni upungufu. Zaidi ya miaka 400 sasa. Kwa hiyo mfasiri asilaumu Kiswahili akikwama hapa. Neno la katikati huteleza katika kila lugha, na kazi ni kujua lateleza wapi katika yako.

Kwetu lateleza kwenye umbo lake. Hivyo ni kionyeshi cha ngeli ya vi-, ngeli ambayo tangu hapo imezoea kueleza namna ya kutenda: vizuri, vibaya, vingine. Na ile -o ya mwisho hurejelea kitu kilichokwisha kutajwa au kinachojulikana na wote wawili. Ukisema "fanya hivyo", lazima pawe na "hivyo" tunayoijua mimi na wewe. Sasa ukilirudia mara mbili, kurudia kwenyewe nako kuna tabia mbili. Kurudia hukaza: sawasawa ni sawa hasa. Kurudia pia hupunguza: kitambaa chekundu-chekundu hakijafika kuwa chekundu, mchuzi wa chumvichumvi umeelemea chumvi kidogo, uji wa majimaji haukushika. Kwa hiyo hivyo hivyo yaweza kuwa "vilevile kabisa kama unavyojua", na yaweza kuwa "kadiri tu, haikufika". Kijana wa bodaboda aliingia mlango wa kwanza. Mama akamsikia kwenye mlango wa pili.

Watu hutofautisha kwa sauti. Fundi akikuuliza, "Nipige rangi kama ya juzi?" ukamjibu "Hivyo hivyo!" kwa sauti iliyosimama, atapiga rangi ileile. Ukishusha sauti mwishoni na kuongeza "tu", umeshatoka kwenye maagizo, umeingia kwenye hukumu. Hiyo "tu" ina uzito mkubwa kuliko herufi zake mbili. Kwa kuandika, mimi huyatenga: hivyo hivyo, maneno mawili, kwa maana ya "vilevile", na hivyohivyo, neno moja, kwa maana ya kadiri. Si kila mhariri hufuata, lakini ukifuata mwenyewe kwa uthabiti, msomaji wako atakushika.

Jihadhari pia na ndugu yake, hivihivi. Huyu ana maana ya tatu: bila sababu, bila malipo, bila maandalizi. "Hapewi mtu hivihivi" maana yake hapewi bure. "Ameondoka hivihivi" maana yake hakuaga au hakupata kitu. Na ukisema "yule si mtu wa hivihivi" umemsifu kwamba ana uzito wake. Mfasiri anayeona so-so akaandika hivihivi aweza kumfanya mhusika wa hadithi aliyepika chakula cha kadiri aonekane amekigawa bure.

Pwani ya Mombasa, na Likoni ikiwemo, utasikia watu wakisema hivo, bila y. Hilo si kosa la ulimi. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilikuwa na maandishi yake kitambo. Mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya kamusi yake kwa kiasi kikubwa kutoka kwa wasemaji wa huku, nayo ikachapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Lakini mkutano wa mwaka 1928, tena uliofanyika hapahapa Mombasa, ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na ndicho kinachosahihishwa kwenye mtihani hadi leo. Kwa hiyo mwalimu wa Shika Adabu amwambie mtoto kwamba kwenye karatasi ya mtihani ataandika hivyo, na nyumbani aseme na bibi yake kama bibi anavyosema. Kumwambia mtoto bibi yake anakosea ni kumnyang'anya kitu ambacho shule haiwezi kumrudishia.

Mgonjwa akisema hivyohivyo

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana hapa neno hili laweza kudhuru.

Mswahili wa pwani akiulizwa hali, hutanguliza shukrani. "Alhamdulillahi." "Twashukuru." "Namshukuru Mungu." Mkristo na Mwislamu wote wamelelewa hivyo. Shukrani ile si taarifa ya afya. Ni adabu, na ni imani. Taarifa huja baadaye, kama anayeuliza ana subira ya kuingoja. Mamangu mdogo alipougua kifua tulimpeleka zahanati moja, ambayo sina haja ya kuitaja. Aliyempokea alikuwa kijana mpole, mgeni wa pwani, mwenye foleni ndefu mlangoni. Akamuuliza, "Mama, unalala vipi?" Mamangu mdogo akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu, hivyohivyo tu." Kijana akaandika, akageuza ukurasa, akauliza lingine. Mwanamke yule alikuwa hajalala usiku wa tatu. Alikuwa akikaa kitako kitandani mpaka alfajiri, mito mitatu nyuma ya mgongo, kwa sababu akilala chali pumzi hazipandi. Hilo hakulisema, na mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na mkoba wake nilidhani limeeleweka. Siku ya pili yake tulirudi naye amezidiwa. Alipona, lakini sijasahau ule ukurasa uliogeuzwa.

Basi kama wewe ni muuguzi au daktari, usipokee hivyohivyo kama jibu. Ni mlango uliofunguliwa nusu. Uliza tena, na uulize kwa kulinganisha, kwa sababu Kiswahili cha ugonjwa hupima kwa kulinganisha: "Ya leo ni afadhali, au ya jana ilikuwa afadhali?" Uliza hesabu: usiku aamka mara ngapi, ala vijiko vingapi, apanda ngazi ngapi kabla hajatua.

Na ujue maneno ya watu wa huku. Akikuambia "siwezi", amesema anaumwa, si kwamba ameshindwa jambo. Wageni wengi huuliza, "Huwezi nini?" na mgonjwa hubaki akikutazama. Akisema "hajambo kidogo", ametoka kwenye hali mbaya ila hajapona, na hilo kidogo ndilo lenye habari. "Ana nafuu" hupanda daraja moja juu yake. "Yuko vilevile" ni hali isiyosogea, na kwa ugonjwa wa siku nyingi hiyo ni habari mbaya iliyovaa nguo za kawaida. Katika maneno haya yote hakuna hata moja ambalo mfasiri aweza kulibadilisha na lingine bila kumpunguzia mgonjwa kitu.

Na kama wewe ndiye mgonjwa, au ndiye uliyempeleka mzazi wako, shukuru kwanza kama ulivyolelewa, kisha weka "lakini" na useme hesabu. "Alhamdulillahi daktari, lakini usiku wa tatu huu sijalala." Shukrani yako haijaharibika, na kalamu ya mwenzio imepata cha kuandika.

Mezani

Kwa chakula Kiswahili kimetupa chombo kizuri kuliko hivyohivyo, nacho ni kitenzi chenye -ka. Chakula kinalika. Nyumba inakalika. Barabara inapitika. Shati linavalika. Mwandiko unasomeka. Watu wa Mombasa husema kwa mkato wao: walika, yakalika, yapitika. Ukisema njia ya Mtongwe yapitika wakati wa mvua, umempa mwenzio habari kamili: ina madimbwi, lakini gari halitakwama. Kitenzi hiki hakisemi kitu ni kizuri. Kinasema kitu kinaweza kufanya kazi yake. Ndiyo maana nakipenda. Kwa mfasiri, mara nyingi so-so ya Mwingereza hukaa hapa vizuri zaidi kuliko kwenye hivyohivyo, hasa anapozungumzia kitu cha kutumia na si hali ya moyo.

Lakini usikipeleke mezani kwa mwenyeji wako. Mgeni akisema "wali walika", amemwambia mpishi kwamba njaa ndiyo iliyomsaidia. Na hapa kuna kanuni ambayo vitabu vya sarufi havina, ingawa kila mtoto aliyelelewa kwa Waswahili anaijua: mwenye kitu aweza kukishusha, mgeni hawezi. Mwenye nyumba ataleta sinia ya pilau ya nyama, kachumbari, ndizi mbivu na achari, kisha aseme, "Karibuni, ni hivyohivyo tu tulivyojaliwa." Ukimjibu "Haya, si mbaya," umemkubalia unyenyekevu wake kana kwamba ni ukweli. Jibu ni kumkatalia: "Hapana, mama, leo umejitahidi," na mkono wako uende kwenye sinia kabla ulimi haujamaliza. Hivyohivyo ya mwenyeji haifasiriwi kwa neno lolote la ukadiri. Mfasiri aifasiri kama ukaribisho, basi.

Kama chakula ni cha kununua na mpishi amekuuliza kwa kutaka kujua, mpe neno la upungufu wenyewe. Chumvi haijakolea. Tui ni jepesi. Chai dufu. Mchuzi umepooza. Neno -chapwa lipo pia, mchuzi mchapwa, kwa kitu kisicho na ladha, ila ni kali, litunze. Mama wa mahamri angeambiwa "nazi leo nyepesi kidogo, mama", angekuna nyingine na kumshukuru mteja. Alichopewa ni hukumu isiyo na mahali pa kushika, ndipo akashika chumvi, ambayo haikuwa na kosa.

Kwa fundi, na herufi mbili zenye kuokoa kazi

Mwaka jana kabla ya Idi nilimpeleka mpwa wangu kwa fundi wa kanzu. Tuliporudi kuichukua, kanzu ilikuwa imening'inia ukutani, nyeupe, tarizi ya shingoni imekwenda safi. Mtoto akaivaa. Bega la kulia lilikaa. La kushoto lilishuka, likavuta kola pamoja nalo, na pindo la chini likapanda upande mmoja kama pazia lililokosa pete. Fundi mwenyewe alikuwa ameona. Nilijua kwa jinsi alivyonyamaza. Akauliza, "Waionaje, ndugu yangu?"

Hapo kulikuwa na majibu mengi. Ningesema "hivyohivyo tu", naye angejua sikuridhika bila kujua wapi, na pengine angejitetea. Ningesema "bega halikukaa", na ningekuwa nimesema kweli. Nilisema, "Fundi, tarizi yapendeza. Bega la kushoto bado halijakaa." Akachomoa chaki sikioni, akapiga mstari begani papo hapo mtoto akiwa ameivaa, akasema tukaswali adhuhuri turudi. Tuliporudi lilikuwa limekaa.

Angalia tofauti ya halikukaa na halijakaa. Ni silabi moja, -ku- kwa -ja-. Ile ya kwanza imefunga kesi: kazi imekwisha na imeshindwa. Ile ya pili imeiacha kazi mikononi mwa fundi, haijamtoka. Ukitia na "bado", umesema kwa uwazi kwamba wamtegemea kuimaliza. Sijui lugha nyingi, lakini najua kwamba kwa Kiswahili mtu aweza kukosoa na kuheshimu ndani ya kitenzi kimoja, bila kuongeza maneno ya kubembeleza. Kila mara unapotaka kusema kitu kiko katikati, jiulize kwanza kama bado chaweza kusogea. Kikiweza, tumia -ja-. Insha haijashika. Rangi haijakolea. Sauti haijatulia. Kisipoweza kusogea, kama ni harusi iliyokwisha pita au mechi iliyokwisha chezwa, hapo -ku- ina haki yake, na hivyohivyo pia.

Yapo maneno ya kazi ya ovyo, na usiyachanganye na ya kadiri. Kulipua kazi, kazi ya bora liende, kazi ya kijuujuu, mambo ya nusunusu: haya yote humshtaki mtendaji kwamba hakujali. Kazi ya kadiri aweza kuifanya mtu aliyejali sana ila mkono wake haujafika. Fundi mwanafunzi aliyekesha kwenye cherehani hakulipua. Ukimwambia amelipua, umemwita mvivu, na hilo ni shtaka jingine kabisa.

Kwenye ripoti ya mtoto

Neno rasmi la katikati ni wastani. Ni neno zuri, safi, na madodoso yetu mengi hulitumia: vizuri sana, vizuri, wastani, vibaya, vibaya sana. Shida yake ni kwamba lina kazi mbili. Ni kielezo cha ubora, tena ni hesabu ya kujumlisha na kugawanya. Ukiandika "alama za Hisabati: wastani", mzazi mmoja ataelewa kwamba mtoto yuko katikati ya darasa, mwingine ataelewa kwamba hajambo, mwingine atauliza wastani ni ngapi. Kama wamaanisha ubora, andika "za kadiri" au "zinaridhisha". Kama wamaanisha hesabu, taja namba.

Mfumo wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, wenye alama 12 kutoka A mpaka E umetuzoeza vibaya kwa jambo hili. Kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu kimekuwa C+, kwa hiyo mwenye C kavu, ambaye kwa ngazi ya alama yuko karibu na katikati, huonekana nyumbani kama aliyeanguka. Hali hiyo hulifanya neno wastani liwe na uchungu ambao kamusi haiujui. Mzazi wa Likoni akisoma wastani, mara nyingi husikia "hatoshi".

Mtaala mpya wa umilisi umeleta lugha nyingine katika Kiswahili: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio. Watu wamelalamika kwamba ni maneno marefu, na ni kweli ni marefu. Lakini mimi naona kukaribia matarajio kumefanya lile lililofanywa na -ja- kwa fundi. Anayekaribia anatembea. Mwalimu akiongeza sentensi moja tu chini yake, kwamba mtoto asoma vizuri kwa sauti ila bado hajashika kuandika ufupisho, mzazi anajua jioni hiyo akae naye kwenye nini. Sentensi hiyo moja ina thamani zaidi kuliko safu nzima ya wastani, wastani, wastani.

Sokoni, haraka

Kwa pesa na biashara usitafute mbali: si haba. Ukiulizwa biashara vipi, "si haba" ni jibu lililojaa. Limekubali kwamba si nyingi, limekataa kwamba ni kidogo, na limeshukuru, vyote kwa pumzi moja. Lina mwinuko kidogo wa juu, kwa hiyo usilitumie kwa hasara. Kama mambo yamebana kweli, watu husema "twasukuma" au "tuko tu", na anayesikia ajue kuna jambo. "Kiasi" hukaa karibu na hapo: mwaka huu mahindi yametoka kiasi. Na ukiona hamasa yenyewe ndiyo ya kadiri, mapokezi, mapenzi, makofi ya wasikilizaji, neno ni vuguvugu, la maji yasiyo moto wala baridi.

Ujumbe kwa walio mbali

La mwisho ni la simu. Nyumba nyingi za Likoni zina mtoto au dada aliyeko Muscat, Doha au Jeddah kwa kazi, na mazungumzo na nyumbani ni ya kuandikiana usiku, zamu ikiisha. Kwenye maandishi hakuna sauti ya kushuka wala kusimama, kwa hiyo milango yote miwili ya hivyohivyo hubaki wazi pamoja. Jirani yangu aliulizwa na bintiye hali ya bibi, akajibu "hivyo hivyo". Alimaanisha hakuna kilichobadilika. Binti akasoma kwamba bibi amezorota na anafichwa. Alipiga simu saa nane za usiku akilia, akaamsha nyumba nzima, bibi mwenyewe akiwemo, ambaye alilazimika kuketi na kuzungumza ndipo mjukuu aamini.

Kwa hiyo ukimwandikia aliye mbali, liache neno hilo mfukoni. Andika shukrani, andika ulinganisho, andika kitu kimoja ambacho umekiona kwa macho yako leo. Kama hivi:

"Mwanangu, alhamdulillahi. Bibi hajambo kidogo, afadhali ya juzi. Miguu bado haijapata nguvu, ila leo ametoka mwenyewe mpaka barazani, akanywa chai na hamri moja akamaliza. Yuasema umpigie Ijumaa baada ya swala."